Tunagombania Mashine Zisizotujua

Kaa kwenye banda lolote la gemu pale Chanika, Handeni mjini, au Manundu kule Korogwe, usubiri zamu yako ya pedi. Mechi ikiisha tu, ubishi unaanza. Huyu anasema Sony ndiye mfalme, Xbox ni ya watu wasiojua gemu. Yule anajibu kwamba PlayStation imebaki jina, mwenye mashine yenye nguvu ni Microsoft. Wa tatu, aliyeonja Switch ya binamu yake aliyekuja likizo kutoka Dar, anawaona wote washamba. Sauti zinapanda utadhani ni Simba na Yanga.

Afadhali ingekuwa Simba na Yanga! Shabiki wa Coastal Union akiudhiwa na timu yake anapanda basi mpaka Mkwakwani, anazomea, na viongozi wanamsikia. Shabiki wa Xbox wa Handeni akiudhiwa, akazomee wapi?

Mimi nacheza gemu na ubishi huo naupenda, ila naona tunapimia kipimo kibovu. Tunahesabu picha zinavyong'aa na kasi ya mashine. Kwa mazingira yetu kipimo ni kimoja: gemu niliyoinunua kwa pesa yangu, naweza kumpa mwenzangu akacheze bila kumwomba mtu ruhusa? Kwa kipimo hicho kampuni zote tatu zinaanguka. Na inayoniuma zaidi ni Sony, kwa sababu yeye aliwahi kufaulu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Sony ilithibitisha kuacha kuitengeneza Januari 2013, lakini huku kwetu haikufa siku hiyo. FIFA 14, iliyotoka mwaka huohuo, bado ilikuwa na toleo la PS2. Siri ya maisha marefu ilikuwa nyepesi. Gemu nzima ilikaa kwenye diski. Haikuuliza intaneti wala akaunti. Ukiwa na Luku na televisheni ya chogo, kazi imeisha. Lenzi ikichoka, fundi redio aliifungua, akaisafisha, ikaendelea. Diski ilitoka Korogwe asubuhi kwenye mfuko wa konda, jioni ikachezwa Handeni.

Najua mtanirushia: sidii nyingi hizo zilikuwa za kuchoma. Kweli. Waliotunga gemu hizo hawakupata senti, na sisi tunaolalamika kila siku vitabu vya waandishi wetu vikitolewa kopi stesheni hatuwezi kujifanya hatuoni. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kuchoma diski ni kumwibia mtunzi. Kumwazima rafiki diski halisi uliyoinunua ni sawa na kumwazima riwaya. Kampuni zinamtaja mwizi, kisha zinamfungia mlango mwazimaji.

Kumbukeni Juni 2013. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba Xbox One ingelazimika kuwasiliana na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kuazimana diski kungewekewa masharti. Mkuu wa Xbox wa wakati ule alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti, aliwaelekeza kwenye mashine ya zamani, Xbox 360. Kwa lugha ya nyumbani: mkae hukohuko mliko. Sony ikaona nafasi, ikatoa video fupi ya kufundisha namna ya kumwazima mtu gemu ya PS4. Bosi mmoja anamkabidhi mwenzake kasha la diski, huyu anashukuru, basi. Dunia ilicheka na kushangilia. Kabla mwezi haujaisha Microsoft ilirudi nyuma.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. PS5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuja kwa aina mbili, na moja haina mahali pa kuingiza diski. PS5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa Marekani kwa dola 700 bila kisomea diski. Ukikitaka, unakinunua peke yake, na lazima kisajiliwe kwanza kwa intaneti ndipo kifanye kazi. Kampuni iliyotufundisha kupeana diski mkono kwa mkono sasa inaiuza mikono yenyewe kama kipuri!

Wenzake si bora. Xbox Series S, ile ya bei nafuu ambayo mtu wa kipato chetu angeitamani, haina kabisa nafasi ya diski. Series X inacheza diski nyingi za zamani, sifa yake naikubali, lakini ukiingiza ya Xbox 360 inakwenda kwanza kuipakua gemu mtandaoni. Nintendo nayo, kwenye Switch 2 ya mwaka 2025, ina kadi ambazo ndani hazina gemu. Kuna ufunguo tu, gemu unaipakua mwenyewe. Diski ya kawaida ya PS2 ilibeba gigabaiti 4.7. Siku hizi zipo gemu zinazopita gigabaiti 100. Piga hesabu ya bando, halafu uniambie nani kati ya hao watatu alimfikiria mtu wa Mkata au Mombo.

Tuje kwenye akaunti, maana hapo ndipo aibu inapokamilika. Orodha ya nchi za PlayStation Network inaitaja Afrika Kusini. Tanzania haimo, na Kenya haimo. Kijana wa Korogwe anayemtetea Sony mpaka mishipa ya shingo inamtoka, siku ya kufungua akaunti anaandika kwamba anaishi Afrika Kusini au Marekani. Akinunua gemu humo, siku akaunti ikifungwa atadai kwa jina lipi, wakati anwani yenyewe ni ya uongo? Na si wasiwasi wa kubuni. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PSN. Wachezaji walikuja juu na Sony ikaghairi, lakini gemu ilikwisha kuondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo.

Tazama na lugha. PS5 inaongea Kifini, lugha ya watu wapatao milioni 5 hivi, na hongera zao. Kiswahili, chenye wasemaji zaidi ya milioni 100 na siku yake ya dunia iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, hakimo. Hapo mtoto wa Handeni anajifunza kwamba mambo ya maana husemwa kwa lugha nyingine.

Wapo wasomaji wa hapa watakaosema hayo ni ya watoto wa gemu, sisi ni watu wa vitabu. Taratibu. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wateja na kufuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa madai kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Kimoja ni Animal Farm, hiki tunachokisoma kama Shamba la Wanyama kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Pesa zilirudishwa, vitabu vikatoweka. Nakala ya Kawegere iliyochakaa kabatini kwako hakuna anayeweza kuifuta.

Utaniambia vijana wamehamia kwenye simu, wanacheza eFootball bure, diski ya nini? Ni kweli, na Konami wamefika kijijini kabla ya hao watatu. Ila siku watakapozima seva, hakuna atakachobaki nacho mtu. Ubisoft walizima seva za The Crew mwisho wa Machi 2024, na walioinunua kwa pesa zao wakabaki wanatazama jina lake. California ilitunga sheria mwaka huohuo: muuzaji wa bidhaa ya kidijitali akwambie wazi kwamba unapewa leseni, si mali. Tume yetu ya Ushindani ina kazi ya kumlinda mlaji. Hili nalo liko ndani ya kazi yake.

Kwa hiyo upande wangu kwenye ubishi ni huu. Ukiwa na akiba yako na unaniuliza ununue nini, nunua PS4 ya mtumba yenye nafasi ya diski, na diski halisi kila unapoipata. Ukimaliza, mwazime jirani, naye akuazime yake. Mwenye banda naye asitupe zile PS2 za stoo. Na akija mtu kukuimbia Sony, Microsoft au Nintendo, mwombe akuonyeshe kwanza Tanzania iko wapi kwenye orodha yao.