Mara nne jukwaani zinatosha

Mhariri,

Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Vyuo Vikuu, yaliyoanzia Glasgow mwaka 1981, hayamruhusu mtu kushindana zaidi ya mara nne. Naunga mkono kikomo hicho kwa moyo wote, na ningependa waandaaji wa mashindano ya hapa Afrika Mashariki wakifuate. Timu ni ya watu wawili tu. Mkongwe anayesomea shahada ya tatu akiendelea kupanda jukwaani, nusu ya timu imekwisha kujaa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anabaki kupiga makofi. Kujenga hoja dakika 15 baada ya kutajiwa mada ni ujuzi unaopatikana kwa kusimama na kusema, si kwa kutazama.

Wapo wasemao kikomo kinawaonea wanafunzi wa udaktari, ambao masomo yao ni marefu. Hapana: kinachohesabiwa ni mashindano, si miaka. Hoja nzito zaidi ni kwamba bila wakongwe kiwango kitashuka. Lakini hakuna anayewafukuza; uamuzi hauna kikomo hicho, na vilabu vyetu vinahitaji mno waamuzi na makocha waliobobea.

Msomaji,
Dar es Salaam