Unangoja mzuka, mtihani haukungoji

KUTOKA NJIAPANDA
Na Gaudensia Ndunguru

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa njiapanda ya Kitai nikisubiri gari la Lituhi. Gari la Lituhi halina saa, lina abiria, likijaa linaondoka. Nikakaa kwenye benchi la mama wa chai, chini ya kibanda cha mabati, malori ya makaa ya mawe kutoka machimbo ya Ruanda yakipita mbele yetu na kututupia vumbi vikombeni.

Benchi la pili walikaa vijana wanne wa sare. Mashati nje, vichwa vinne juu ya simu moja, wanapanga mkeka wa mechi za jioni. Ni Oktoba. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Nikahisi damu inanipanda.

"Mwanangu, leo si siku ya shule?"

Mwenye simu akasimama kwa adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeuliza shule."

"Ipo, mama. Sisi tumetoka kidogo."

"Kidato cha ngapi?"

"Cha nne."

"Na mtihani?"

"Bado wiki nne." Akaona uso wangu haujalainika, akaongeza, "Mzuka haujapanda tu, mama. Ukipanda napiga msuli wiki mbili, namaliza kila kitu."

Wenzake wakacheka. Gari likajaa, nikaondoka na jibu hilo mpaka Lituhi ziwani, nikarudi nalo Jumatano.

Mzuka. Kwa wazee wetu ni kitu kinachomtokea mtu gizani bila kuitwa, naye akikiona anakimbia. Vijana wamelichukua neno wakalipa kazi nyingine: hamu, joto la moyo, ile hali ya kutaka kufanya jambo bila kusukumwa. Sina ugomvi na neno, lugha ni yao pia. Ugomvi wangu ni na imani iliyokaa ndani yake, kwamba kusoma kunamshukia mtu kutoka juu kama mvua, na kazi ya mwanafunzi ni kukaa kibandani mpaka inyeshe.

Na hizo wiki mbili za kumaliza kila kitu ni uongo mtupu. Miaka minne ya masomo haiingii kichwani kwa zimamoto. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: kinachosomwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa hukaa kuliko kinachobugiwa kwa mkupuo. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angeweza kumwambia hivyo bila kupima.

Kwetu Mbinga, hakuna Mmatengo aliyewahi kulima ngoro kwa mzuka. Mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, nyasi zinafyekwa, zinaachwa zikauke, zinapangwa kwa mistari inayokatana kama nondo za dirishani. Kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo kwa mashimo, maharage yakipandwa kwenye matuta yanayoyazunguka. Jembe la kwanza, asubuhi ya baridi ya Mbinga, umande magotini, halina raha hata kidogo. Mama yangu alilima ngoro maisha yake yote na sikumsikia hata siku moja akisema anajisikia kulima. Alikuwa anasema, "Leo tunafika pale kwenye kisiki." Tukifika kwenye kisiki mikono imepata moto, na mara nyingi ni yeye aliyesema tuongeze mstari mmoja.

Hamu ilikuja, naikumbuka. Ila ilitukuta tumeshainama.

Wasomaji wa siku zote mnamkumbuka Bwana Kesho, jirani yangu mwenye choo kisicho na paa. Wiki jana mmoja wenu alinitumia ujumbe kuuliza kama bati limepanda. Halijapanda. Bati analo, misumari anayo, fundi ni yeye mwenyewe. Jumatano usiku nilimwona barazani kwake nikajiambia kwamba yeye na yule kijana wa Kitai ni mtu mmoja. Nitarudi kwake.

Alhamisi nikaalikwa kwenye shule moja ya kata, ambayo siitaji, kwa sababu mjukuu wa dada yangu anasoma pale. Kidato cha nne wako kambini, na uongozi umewaletea mhamasishaji kutoka mjini. Kila mzazi alichangia shilingi 2,000. Akaja na spika mbili kubwa na shati jeupe, akawasimamisha watoto uwanjani.

"Mgeukie jirani yako! Mwambie: mimi ni namba moja!"

Watoto wakapiga kelele mpaka ng'ombe wa bondeni wakainua vichwa. Aliyepaza sauti kuliko wote, mikono ya shati imekunjwa, mishipa ya shingo imemtoka, alikuwa kijana wangu wa mkeka. Nilimtazama. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Kwa muda ule aliamini kila neno.

Yule bwana aliongea saa tatu nzima. Hivyo ni vipindi vinne vya darasani na zaidi. Aliwaambia wafumbe macho waone gari watakaloendesha. Akawataja matajiri wawili wa Marekani walioacha masomo pale Harvard, na mimi nikajiuliza mtoto wa Kitai afanye nini na habari hiyo, maana haachi Harvard mtu ambaye hajaingia Harvard.

Asichowaambia ni jambo ambalo kila mtoto wa kidato cha nne angepaswa kulala nalo na kuamka nalo. D inaanzia alama 30. Mtoto mwenye D mbili tu, mengine yote F, ana pointi 33, daraja la nne. Mwenye D moja ana pointi 34, naye ni ziro. Kati ya hao wawili kuna somo moja. Katika somo hilo, aliyepata alama 29 amekosa alama moja, pengine maana ya neno moja aliyoiruka. Hilo halihitaji spika. Linahitaji kuketi na somo hilo moja, leo, kwa dakika arobaini. Nchi hii ilikwishaona Februari 2013, matokeo yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa na ziro, hadi serikali ikaunda tume na madaraja yakapangwa upya. Tuliwalaumu walimu, tukailaumu wizara, tukalaumu vitabu. Jioni za watoto wenyewe hatukuziuliza.

Saa mbili usiku siku hiyohiyo nikapita darasa la prepo. Taa zinawaka, madawati yapo. Nilihesabu wanafunzi kumi na mmoja. Mjukuu wetu hakuwemo. Nilimkuta bwenini, anawasimulia wenzake gari atakalonunua.

Nasema wazi: mikutano ile inawadhuru watoto. Inawapa raha ya kufika kabla hawajaondoka, nao wanarudi wameshiba, na aliyeshiba hapiki. Mbaya zaidi, inawafundisha kwamba ari hutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti, kwa hiyo ikiisha, na huisha kabla ya chakula cha jioni, wanakaa kumsubiri mwingine aje.

Ijumaa jioni nikashuka Kitai tena kutoka Mbinga. Kijana yupo, benchi lilelile. Safari hii peke yake, bila simu. Nikakaa karibu naye. Sikuwa na nia njema, nakiri; nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Jumatatu.

"Mzuka wa jana umekwenda wapi?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikwambie ukweli? Nikifungua Fizikia, sentensi ya kwanza sielewi. Ya pili sielewi. Nafunga."

Maneno makali yakaniishia.

Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Halafu asubuhi moja ya Januari akaingia kidato cha kwanza na vitabu vyote vikawa Kiingereza, isipokuwa kile cha Kiswahili. Tangu siku hiyo kila akifungua ukurasa, ukurasa unamwambia kwamba yeye ni mjinga. Nani anapenda kurudi kila jioni kwa mtu anayemtukana? Kusema "sielewi" mbele ya wenzako kunauma. Kusema "sina mzuka" kunaleta kicheko, na kicheko kinakufunika. Mzuka ndilo jina la heshima tuliloupa woga.

Ndipo nikamwelewa na Bwana Kesho. Aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba ya kaka yake. Bati linamsubiri kwa sababu ngazi inamtisha, na sisi majirani tumemcheka miaka yote hii kwa uvivu asiokuwa nao. Namtaka radhi hapa, mbele yenu.

Lakini kujua kwamba ni woga hakupandishi bati. Zamani Wamatengo walikuwa na sengu, watu wa ukoo wakila pamoja, wakubwa na wadogo, na mambo ya siku yakizungumzwa palepale kwenye chakula. Kijana hakuweza kujificha wiki nne na tatizo lake, kwa sababu kila jioni alikuwa mbele ya mtu mzima mwenye macho. Leo mtoto anakula peke yake jikoni, baba yuko kwenye runinga ya jirani, mama amechoka, na hakuna anayemuuliza leo umekwama wapi. Tunamuuliza mara moja kwa mwaka, matokeo yakitoka, tena kwa kelele.

Pale pale njiapanda yuko binti anayeuza ndizi na mahindi ya kuchemsha. Jumatatu nilinunua kwake bila kumwangalia. Ijumaa nikaona kitabu cha Baiolojia kilichofunikwa plastiki, na pembeni kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyokwisha kupoteza jalada. Basi la Songea likafika, akafunga kitabu, akakimbilia madirishani na beseni kichwani. Basi likaondoka, akarudi, akafungua.

Nikamuuliza anasomea nini. Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, Novemba hii hii. Aliacha shule mwaka 2019 kwa ujauzito, kabla ya serikali kuruhusu, Novemba 2021, wasichana waliojifungua kurudi darasani. Mtoto wake sasa anasoma shule ya msingi.

"Na siku usipojisikia kusoma?"

"Karibu kila siku sijisikii, mama. Nasoma aya moja. Ikinikolea naendelea. Isiponikolea, gari linakuja, nauza, halafu nairudia."

"Na Kiingereza?"

"Maneno matano kila ukurasa naandika huku nyuma." Akanionyesha daftari. Lilikuwa limejaa hadi jalada la mwisho.

Kule Kenya mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, kwa kaptula ya sare, na dunia ikampigia makofi. Wanaomsimulia majukwaani husimulia ndoto yake ya kusoma Biblia mwenyewe. Mimi nakumbuka zaidi kwamba vurugu za uchaguzi zilipomfukuza nyumbani, akaishi kambi ya wakimbizi kilomita nne kutoka shuleni, alikwenda darasani kila siku. Binti wa Kitai hana kamera wala jukwaa, ana nafasi iliyopo kati ya gari na gari, na anaitumia.

Nikamwita kijana. "Kesho lete hicho kitabu cha Fizikia."

"Ninacho, mama." Akakitoa kiunoni, kilikuwa kimechomekwa nyuma ya mkanda. Siku zote hizo alikuwa anatembea nacho.

Binti akasogeza beseni, akampa nafasi. Aya ya kwanza ilikuwa na maneno kumi na moja asiyoyajua. Waliyatafuta yote, mabasi mawili yakapita katikati. Kufika mwisho wa aya akairudia mwanzo kwa sauti, polepole, kisha akanieleza kwa Kiswahili kwa nini kitu kizito na kitu kikubwa si jambo moja. Alieleza vizuri. Kisha, bila mtu kumwambia, akageuza ukurasa.

Giza lilipoingia akaomba kuazima kamusi. Binti akaikumbatia. "Hii haitoki hapa. Wewe njoo kesho, kabla ya gari la saa moja."

Walimu wakuu, acheni kukodi spika. Wazazi wenzangu, leo usiku muulize mtoto amekwama kwenye aya ipi, hata kama wewe mwenyewe hujui jibu. Na wazazi wa ile shule nisiyoitaja, Jumapili baada ya misa tuna kikao. Nakuja na hoja moja: zile 2,000 tulizompa mhamasishaji tuzichange tena, mara hii tununue kamusi.