Konyeza wa Juani wasitolewe majini



Nina dukuduku langu juu ya mnyama ambaye wengi wetu wa pwani tunamjua kwa kuwashwa tu. Namsema konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu.

Mwaka 2019 nilikuwa Japani kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumapili moja wenzangu walinipeleka Kamo, katika mji wa Tsuruoka, kwenye jumba la kuonyeshea viumbe wa baharini. Jumba hilo mwaka 1997 lilikuwa hoi kwa kukosa watazamaji. Kilicholiokoa ni konyeza wadogo waliozuka wenyewe ndani ya tangi la matumbawe. Wafanyakazi wakawalea, watu wakavutiwa, aina nyingine zikaongezwa, na mwaka 2014 likafunguliwa jengo jipya.

Humo mna tangi la duara lenye upana wa mita 5, na ndani yake konyeza wapatao 10,000. Duara hilo si urembo. Konyeza hana nguvu ya kushindana na mkondo, hivyo akisukumwa kwenye kona huumia, na hata kiputo cha hewa kikinasa ndani ya mwavuli wake huweza kumtoboa. Hana ubongo, moyo wala mfupa.

Nilikuwa na kamera. Picha zangu za kwanza zote zilitoka na weupe wa taa yangu mwenyewe kwenye kioo. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu alinionyesha kwa ishara: zima taa, egemeza kamera kwenye kioo, ngoja. Nikangoja. Katika picha kama 40 zilifaa 3 tu, lakini ni wakati wa kungoja ndipo nilipoona jinsi mwavuli unavyofumba na kufumbua, na zile pete nne zinazoonekana katikati yake.

Sasa nije kwetu. Wale konyeza waliozuka katika tangi la matumbawe ni wa jamii inayolala chali, mwavuli chini na mikono juu, kwa kuwa miilini mwao wanaishi mwani wadogo sana wanaohitaji jua na ambao huwalisha. Jamii hiyo tunayo Mafia, katika kidimbwi cha maji ya chumvi kisiwani Juani, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995.

Nilifika huko mwaka jana pamoja na kundi la wageni. Mmoja alimchota konyeza kwa viganja viwili, akamwinua hadi usawa wa uso, mwenzake akapiga picha. Akamgeuza, picha ya pili. Kisha wakapokezana. Nilihesabu konyeza 6 waliotolewa majini kabla hatujaondoka, na mmoja alirudishwa mkono wake umekatika. Kijana aliyetuongoza alicheka tu, akasema hawa hawaumi.

Hata hilo si kweli kabisa. Mwaka 2020 wanasayansi walieleza kuwa konyeza wa jamii hii hutoa ute wenye vijibonge vidogo vinavyowasha, ndiyo maana mtu huweza kuwashwa bila hata kuwagusa. Lakini hoja yangu si ngozi ya mgeni. Mnyama ambaye karibu mwili wote ni maji hubebwa na maji. Ukimwinua hewani mwili humlemea na kuchanika.

Sisemi wageni wasije. Juani inahitaji fedha zao, na yule kijana naye ana nyumba ya kulisha. Wala sichukii kamera, maana nami ninayo. Nasema apigwe picha humo humo alimolala, maji yenyewe ni maangavu na hayahitaji taa.

Nawaomba wahusika waweke kibao pale kidimbwini, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba konyeza haguswi wala hatolewi majini. Na kama kanuni hiyo ipo tayari, basi mgeni asomewe kabla hajavua viatu.

Mpenda Bahari,
Kilindoni, Mafia.