Mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila asiondoke na shamba

Wiki hii nakuandikia nikiwa Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Usianze kucheka, sikuja kunywa kikombe. Mwenye kikombe chake, Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, yule ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alifariki Julai 30, 2021. Ile foleni ya magari iliyokuwa ikimeza kilomita kwa kilomita sasa ni hadithi ya kuwasimulia watoto. Mimi nimekuja kwa shughuli zangu, na gumzo nililolikuta huku ni la watu wengine kabisa: Wachina.

Najua unajiuliza, Wachina na Loliondo wapi na wapi? Barabara, ndugu yangu! Kipande cha lami cha kutoka Waso hadi Sale, kilomita 49, kilijengwa na kampuni ya Kichina. Basi vijana wa vijiji hivi wakapata vibarua. Mmoja wao, kijana mcheshi kweli, ameniambia alijifunza kazi ya greda kwa Mchina ambaye hakuwa na Kiswahili zaidi ya "kesho", "pole pole" na "hapana". Walielewana kwa vidole na kwa kufoka. Siku ya kwanza kila mmoja alikitazama chakula cha mwenzake kama anayetazama dawa ya kienyeji. Baada ya miezi, Mchina anakula ugali, na huyu wangu anakunywa maji ya moto mchana wa jua kali, eti yanakata kiu. Mambo hayo!

Wenyeji wa hapa hawashtuki upesi na wageni. Mwaka 2011 walipokea maelfu kwa maelfu, kutoka mikoa yote na nchi jirani, wengine kwa helikopta. Wataalamu wa afya walitahadharisha wagonjwa wasiache dawa za hospitali, na wapo waliofia njiani. Hilo lina simanzi yake na leo siliingii. Ninachotaka ukione ni kwamba chai, maji na mahali pa kulala vilipanda bei mpaka mbinguni, lakini kikombe chenyewe kilibaki shilingi 500. Mgeni ni neema, ila mgeni bila utaratibu ni balaa. Wasamunge wanalijua hilo kuliko mimi na wewe.

Sasa turudi kwa Wachina. Wanaosema "Wachina wote ni wale wale" hawajatazama vizuri. Mimi nawagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wale wa TAZARA. Walianza kujenga mwaka 1970, wakakabidhi reli mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Waliishi makambini, wakalima mboga zao na kuvaa nguo za namna moja. Zaidi ya 60 hawakurudi kwao. Makaburi ya baadhi yao yako Dar es Salaam mpaka leo. Hao hakuna aliyegombana nao sokoni, kwa sababu sokoni hawakuwepo.

Fungu la pili ni makampuni. Hawa wametusoma kama gazeti! Chukua simu za Tecno, zinazotoka kampuni ya Shenzhen, ambazo kwao China hazina jina kubwa. Walijua sisi tuna laini mbili kwa ajili ya kukimbia gharama, umeme wetu una madaha, na kamera za wengine zinatugeuza makaa. Wakaleta simu ya laini mbili, betri ya kudumu na kamera inayoijua ngozi nyeusi. Wenzao wa runinga wakaleta tamthilia ya bibi harusi Doudou na mama wakwe zake, ikiongea Kiswahili, ikaonyeshwa TBC mwaka 2011. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Kumbe ugomvi wa mama mkwe hauna taifa!

Fungu la tatu ndilo lenye moto: Mchina wa Kariakoo, mwenye fremu. Huyu hana kambi. Amepanga uswahilini, anajua "bei ya mwisho", anakuita mjomba, anajua mwezi wa Ramadhani kinauzwa nini na shule zikifunguliwa kinauzwa nini. Kwa kifupi, ndiye aliyejifunza maisha yetu kuliko wote. Na ndiye anayechukiwa kuliko wote!

Hapo ndipo wahubiri wa "tuzoeane, tujuane mila" wanaponichekesha. Kuzoeana ni kuzuri, lakini hakuleti amani peke yake. Yule wa kambini asiyejua hata salamu hamgombani, kwa kuwa hamuuzi kitu kimoja. Huyu aliyeijua lugha yako ameijua na njia ya kumfikia mteja wako. Mmachinga aliyetandika viatu nje hamchukii kwa macho yake madogo. Anamchukia kwa kuwa bei yake ya jumla huko kiwandani, huyu anaiuza rejareja hapa mlangoni.

Januari 2011 Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, Lazaro Nyalandu, aliwapa wageni wanaofanya biashara ndogo Kariakoo siku 30 waache. Siku zikaisha, fremu zikabaki. Julai 2025 ikaja amri ya Waziri Selemani Jafo iliyotaja aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi: rejareja (ukiondoa supamaketi na machache mengine), kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii na nyinginezo. Mgeni akikamatwa, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo. Na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake.

Hilo la raia ndilo lililonikumbusha mifereji ya hapa. Watemi, ambao wengi tunawaita Wasonjo, wanamwagilia mashamba kwa mifereji tangu enzi za mababu, na wapo wazee wenye mamlaka ya kugawa maji kwa zamu. Asiye na zamu huomba, hafungui mwenyewe. Na msimamizi wa mfereji anajua kwamba mwizi wa maji mara nyingi ana mwenyeji wake anayemfungulia usiku.

Basi jiulize, leseni ya duka la Mchina Kariakoo imeandikwa jina la nani? Mara nyingi ni jina la mmatumbi mwenzetu, anayelipwa mwisho wa mwezi kwa kulala tu. Tunapiga kelele mchana mfereji umeibiwa, usiku koleo liko mikononi mwetu.

Nisisahau upande wa pili. Wapo ndugu zetu wanaoishi Guangzhou na Yiwu, wanatafuta mizigo, wanapakia makontena, wanahesabu siku za viza. Nao wamejifunza Kichina cha "punguza kidogo". Tukiwafukuza wa kwao kwa matusi na kuwazomea barabarani, tunawaandikia wa kwetu barua mbaya. Sheria iwe na zamu, isiwe na zomeazomea.

Yule kijana wangu wa greda anataka kufungua duka Waso, auze sola na simu. Mzigo ataufuata Kariakoo. Wachina wa jumla wakiondoka wote, bei itampanda. Wakiruhusiwa kuja na rejareja mpaka Waso, duka lake litafungwa kabla ya kupakwa rangi. Anachohitaji ni Mchina abaki kwenye jumla, yeye apewe zamu yake kwenye rejareja, na jirani yake asiikodishe leseni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpeni jembe jamani, alime. Ila hati ya shamba msiikodishe.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.