UPEPO HAUKUGOMA



Tarehe 3 Februari 1960 Bwana Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, alilihutubia Bunge la Afrika ya Kusini mjini Cape Town. Alisema upepo wa mageuzi unavuma katika bara hili. Wenyeji wake hawakupendezwa, na wengi wakamsifu. Sisi twasema: litazameni neno lenyewe.

Watu wa Bamburi twazijua pepo. Kaskazi na kusi huja kwa majira yake. Hazina mwenyewe, wala hazidai kitu. Lakini Januari 1947 bandari na reli ziliposimama Mombasa, si upepo uliogoma. Waligoma watu, na kiongozi wao Chege Kibachia akakamatwa, akahamishwa. Katika neno "upepo" watu hao hawamo.

Bwana Tom Mboya, mwana wa vyama vya wafanyakazi, alisema vingine huko Accra, Desemba 1958. Aliwataja waliogombania Afrika, akawaambia waondoke. Mtenda alitajwa.

Basi kiongozi yeyote akisema ng'ambo kwamba hali ya dunia imelazimu gharama za kazi zishuke, tumwulize: nani aliyelazimisha, na ni mshahara wa nani?

Umoja ni nguvu.