Wazee Hawangoji Matanga, Wanangoja Wageni

Kuna jambo ambalo kila mtu wa Kama analiona, lakini mbele ya jamaa hakuna anayependa kulisema. Siku hizi sisi ni watu wa kutembelea maiti. Mzee akiwa bado anapumua, barza yake iko tupu, kuku tu ndio wanaingia na kutoka. Akikata roho, kesho yake kiwanja kinajaa. Waliosema hawana franka wanazipata. Waliosema njia ni mbaya, kumbe njia inapitika: pikipiki zinatoka Kindu, zinatoka Kalima, zinatoka Kampene, matope mpaka magotini, na wote wanafika. Vikwembe vya namna moja vinashonwa kwa siku mbili. Nyama inapatikana. Na yule ambaye miaka minne hakuja kumwuliza baba yake "umelalaje?", ndiye analia kwa sauti kupita wote na kutaka kujitupa kaburini.

Hii si desturi yetu. Tunaiandika hapa waziwazi, na anayekasirika akasirike. Desturi ya wazee wetu haikuwa kuzika vizuri peke yake. Ilikuwa kukaa na mtu wakati bado anaweza kukujibu.

Tunawacheka wazungu bure

Tukisikia habari za Bulaya tunajisifu. Tunasema: kule wanawapeleka wazazi wao katika nyumba za wazee, lakini sisi huku tuko na utu. Ni kweli kule kuna mambo ya kushangaza. Marekani, katika Arizona, tarehe 1 Januari 1960 ulifunguliwa mji mzima unaoitwa Sun City, kazi ya mjenzi Del Webb, kwa ajili ya watu waliomaliza kazi. Wanaishi wazee na wazee wenzao. Wana viwanja vya golfu, wana mabwawa ya kuogelea, wana vikundi vya kazi za mikono. Mtoto haruhusiwi kuwa mkaaji wa pale. Mjukuu anakuja kutembea, kisha anarudi kwao. Na Ufaransa, joto kali la mwezi wa 8 mwaka 2003 liliua watu karibu 15.000, wengi wao wazee, na wengine walikufa peke yao nyumbani. Tukielezwa habari kama ile tunatikisa vichwa: wale watu, namna gani wale watu?

Lakini tujiulize vizuri. Mzee wa Sun City ana kazi za kufanya, ana jirani wa kucheza naye, na siku ya mjukuu kuja anaijua mbele. Mzee wetu ana nini? Ana nyumba katikati ya ukoo, ndiyo. Lakini watoto wako migodini, wajukuu wakubwa wako Kindu, Goma au Kinshasa, na hakuna siku yoyote ambayo anaweza kusema: leo mgeni wangu anafika. Kukosa nyumba ya wazee si ushuhuda kwamba tunawapenda wazee. Inawezekana kabisa kumtupa mtu bila kumjengea nyumba ya kumtupia.

Mzee si mtu aliyelala

Tunakosea kwanza katika mawazo. Tunafikiri mzee ni mtu aliyemaliza, anayekaa kwenye kiti kungoja kupewa. Eti kumtembelea ni kumpelekea sukari na sabuni, basi. Aliyekosa sukari anaona haya, haendi.

Ukweli ni mwingine. Kindu ni mji wa reli; njia ya chuma kati ya Kindu na Kongolo ilimalizika mwisho wa mwaka 1910, kwa mikono ya baba zetu na babu zetu. Upande wa Kalima na Pangi ilikuwa kasiteriti: Symétain tangu mwaka 1932, kisha SOMINKI tangu 1976, mpaka bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985 na kampuni ile kufa kidogo kidogo katika miaka ya 1990. Wafanyakazi wa zamani wa migodi ile wamezeeka wakidai hesabu yao ya mwisho. Kwa mtu kama yule, "kwenda pansioni" hakukuwa kupumzika. Kulikuwa kubadilisha kazi, na kazi ya pili ndiyo ngumu.

Angalia siku moja ya wazee wetu. Jua halijatoka, koko mwanamke amekwisha kuwasha moto. Anatwanga sombe, anaanika mupunga, anaosha watoto watatu ambao mama yao yuko kwenye kazi za dhahabu, kisha anashika njia ya shamba la karanga. Koko mwanaume anafuma mitego ya samaki, anaponda ngazi, anarekebisha mpini wa jembe la jirani. Saa tisa watu wanamletea kesi: mbuzi amekula mihogo ya mtu, mume amempiga mke, vijana wawili wanagombania mpaka wa shamba. Anakata maneno bila kulipwa. Huyu si mtu wa kuhurumiwa. Huyu ni mtumishi wa watu wote, na hana msaidizi.

Ndiyo maana wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunatumia msemo huu kufukuza wageni. Lakini kwa mtoto wa nyumba una maana nyingine: ukikaa siku ya tatu, si mgeni tena, umeingia katika kazi ya nyumba. Zamani mtoto alipelekwa kwa koko wakati wa vakansi kubwa, mwezi wa 7 na wa 8. Hakukaa kama mtalii. Aliteka maji, alifukuza ndege kwenye mupunga, jioni alikaa karibu na moto na kusikia majina ya babu zake. Akirudi shuleni, alikuwa na mambo mawili: kovu la panga kwenye kidole, na habari ya ukoo kichwani. Matembezi ndiyo hayo.

Simu haina miguu

Wengine watajibu: "Zamani hakukuwa na telefoni. Sasa tunaongea na wazazi wetu kila wiki." Sawa. Tusikilize basi mazungumzo yenyewe.

"Koko, uko muzima?"
"Niko tu, mutoto wangu."
"Aksanti. Nitakutumia kitu kidogo kwa M-Pesa."
"Utakuya lini?"
"Allo? Allo? Rezo iko mubaya."

Hatusemi simu ni mbaya. Mtu aliye Lubumbashi au Canada, simu ni baraka kwake, na pesa anazotuma zinanunua dawa. Aliyetuma apewe shukrani yake. Lakini simu haioni kwamba macho ya mama yamefunga ukungu. Simu haisikii harufu ya kidonda anachokificha. Haioni kwamba paa linavuja upande wa kitanda, wala kwamba kijana anayekwenda kumtolea zile pesa anakata nusu njiani. Na mzee hatakwambia. Mzazi wa kwetu akiulizwa "uko muzima?" atajibu "niko", hata kama anakufa. Ni adabu yake. Kazi ya kujua ukweli ni ya macho yako, na macho yako yanabebwa na miguu.

Juu ya njia mbaya na ukosefu wa pesa, hatubishi. Tunajua pikipiki kutoka Kindu inakula franka ngapi, na wakati wa mvua ni mateso. Swali letu ni moja tu: juu ya nini njia ile ile inafunguka siku ya kilio? Hesabu franka za matanga moja: sanduku, vikwembe, mchele, masanga, mashini ya umeme, muziki usiku kucha. Kwa pesa zile watoto sita wangeweza kumtembelea mzazi wao, kila mmoja kwa zamu, na kubaki na ya kutengeneza paa.

Bei tunayolipa

Bei ya kwanza ni elimu. Sisi Walega tulikuwa na Bwami. Ilikuwa shule ya maisha yote: mtu alipanda daraja baada ya daraja, na kwa wanaume ya mwisho kabisa ni kindi, kwa wanawake kanyamwa. Hakuna aliyepanda peke yake. Alihitaji jamaa, wakwe na wazee wa kumwongoza. Mafundisho hayakuandikwa. Kilionyeshwa kitu, pengine kigamba cha kakakuona, pengine sanamu ndogo ya pembe ya tembo, na pamoja nacho neno lake, wimbo wake na mchezo wake. Kitu bila neno lake ni kipande cha mti tu.

Mwaka 1948 serikali ya wakoloni ilikataza Bwami. Vitu vingi vilitoka, na leo viko katika makumbusho ya Tervuren na kwingine. Mwaka 2001 watu wa Los Angeles walifanyiwa maonyesho makubwa ya sanaa ya Walega. Tunawalaumu wazungu, na ni haki yetu. Lakini wao walibeba vitu. Neno lilibaki hapa, mdomoni mwa wazee, na neno lile hakuna askari wa mkoloni aliyeweza kulitia katika kisanduku. Ni sisi tunaolipoteza, kwa kutokwenda kukaa karibu nao. Watu wetu wasomi wanapenda sana kukumbusha maneno ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali kule UNESCO mwaka 1960, kuhusu mzee anayekufa na maktaba inayoungua. Wanayasema kwenye matanga! Maktaba ilipokuwa wazi, nani aliingia kusoma?

Bei ya pili ni damu. Mjukuu aliyelala kwa koko wake, akala mkononi mwake, hawezi kudanganywa kirahisi juu yake. Anajua macho mekundu ya koko ni moshi wa jikoni. Anajua anaongea peke yake usiku kwa kuwa hana wa kuongea naye. Lakini mjukuu aliyekulia mbali anamwona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tano: mwanamke mzee, mikunjo, meno machache, maneno ya Kilega asiyoyaelewa. Halafu mtoto mmoja katika ukoo anaugua, mtu mmoja mwenye kujiita nabii anataja jina, na huyu mjukuu anaamini. Mwaka 2021, kwa jirani zetu wa Kivu ya Kusini, wamama wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine walichomwa moto. Tusifikiri Maniema iko mbali na mambo yale. Uvumi wa uchawi unaota katika nyumba isiyotembelewa, kama vile majani yanavyoota katika njia isiyopitwa.

Wazee nao wasikie

Tungekuwa waongo kama tungewalaumu vijana peke yao. Kuna wazee wanaofukuza wageni kwa mdomo. Mtoto hajaweka mfuko chini, amekwisha kusomewa madeni ya ukoo mzima. Mkwe anasemwa mbele ya watoto wake. Wengine wanaficha maarifa, eti kijana atoe kwanza pesa. Mwishowe wanakufa nayo, na hayakumfaa mtu. Mzee mwenye kutaka wageni ajue kupokea. Aseme kwanza karibu, atoe kiti na maji. Madeni yatangoja mpaka asubuhi.

Na serikali isijifiche nyuma ya "desturi za Kiafrika". Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mzee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inawadai watoto kumlisha mzazi mwenye shida. Serikali ina deni lake na watoto wana deni lao. Moja halifuti lingine.

Tufanye nini?

Kwanza, kila ukoo upange zamu. Watoto na wajukuu waandikwe, kila mmoja apewe mwezi wake, kama tunavyoandika michango ya kilio. Asiyefika aulizwe mbele ya jamaa, kama anavyoulizwa asiyetoa mchango.

Pili, watoto wapelekwe vakansi kwa koko zao, na wapewe jembe.

Tatu, anayekwenda asiende na sukari peke yake. Aende na swali: jina la mama wa babu, mpaka wa shamba, dawa ya majani, maana ya kitu kilichofungwa juu ya mlango. Aandike jibu kwenye daftari.

Nne, matanga yapunguzwe. Sanduku la kawaida, siku chache, bila muziki wa usiku kucha. Atakayesema tunawadharau wafu, aonyeshe kwanza alimtembelea yule marehemu mara ngapi.

Najua neno hili la nne litaleta kelele. Tulete kelele basi, lakini tukaifanyie kwenye barza ya mzee aliye hai, akae katikati, asikie, na akate maneno mwenyewe.