Mpini Kabla ya Makali



Wasomaji wetu wapenzi, mara nyingi ukurasa huu huzungumza juu ya kinachoiva chunguni. Leo naomba tuzungumze juu ya kile kishikwacho mkononi kabla chungu hakijatelekwa, nacho ni mpini wa kisu na wa panga. Sababu yangu iko Busia, mpakani mwa Uganda, nyumbani kwa kaka yangu aliyehamia huko kwa kazi za forodhani.

Mkewe, wifi yangu, huuza muhogo wa kukaanga mbele ya nyumba yao. Muhogo huko ni kama nazi kwetu. Kila shamba unao, na kila mwanamke ana namna yake ya kuumenya. Mwaka jana nilipokwenda kuwazuru nilimchukulia zawadi ya kisu kirefu chenye mpini mwekundu wa plastiki, unaong'aa kama kioo. Nilikinunua kwa rangi yake. Dukani sikukishika hata kwa muda wa kuhesabu tatu.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja mikono yake ikiwa imelowa maji ya kuoshea muhogo, alichoma ncha ya kisu kile katika mzizi mnene ili aupasue. Ncha ikakutana na nyuzi ngumu za katikati, ikasita. Mkono haukusita. Uliteleza juu ya plastiki ile ukapita mpaka kwenye makali, na kano za kidole cha pete na kidole cha mwisho zikakatika. Alifunga kitambaa, akaendelea na biashara, kwa kuwa jeraha lenyewe lilikuwa dogo na damu ilikoma. Alipofika hospitali siku zilikuwa zimepita nyingi. Leo vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Hawezi kukamua nguo, na mwiko wa sufuria kubwa humponyoka.

Alinieleza haya bila ya lawama. "Wifi," alisema, "kisu hakikunikata. Mkono wangu ndio uliokwenda kwenye kisu."

Maneno hayo nimeyafikiri sana, kwa kuwa ndiyo hali halisi ya majeraha mengi ya namna hii. Sisi twaogopa makali, twaweka kisu butu tukidhani ni salama, wala hatuutazami mpini. Na kisu butu ndicho kitakacho nguvu nyingi, na palipo na nguvu nyingi ndipo mkono uendapo mbali utelezapo. Mpini mwema wa kisu chenye ncha una kinundu au ukingo upande wa mbele, hata kama ni mdogo, ili kidole cha shahada kigote hapo kabla ya kufika kwenye chuma. Upande wa nyuma huwa mnene kidogo, ili kisu kisichomoke kinapovutwa. Na umbo lake si la mviringo kamili kama fimbo, bali ni la yai lililobanwa, kwa sababu mpini wa mviringo huzunguka kiganjani, na makali huelekea usikotaka.

Safari hii nilikwenda na wifi kwa mzee mmoja fundi, ambaye kibanda chake kiko kando ya barabara ya kuelekea Malaba. Hapo malori husimama kwa foleni ndefu yakingoja kuvuka, na springi zake zinapochakaa huishia mikononi mwa wahunzi, wakazifua mapanga. Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi ile. Wasamia, ambao milima yao iko kusini mwa mji wa Busia, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe zamani kabla ya wakoloni, na majembe hayo yalikuwa bidhaa, tena yalitolewa mahari.

Mzee yule alikichukua kisu changu chekundu, akakigonga mara moja juu ya fuawe, akakiweka sikioni. Kililia ndani. Akatuonyesha kwamba chuma kiliingia katika mpini kwa urefu wa kidole gumba tu. Kisu cha namna hiyo kikisokotwa, kama tufanyavyo tunapobandua ganda la muhogo, hulegea siku baada ya siku mpaka kitoke chote. Visu vyake yeye, chuma hupita mpaka mwisho wa mpini, vipande viwili vya mti vikakibana huku na huku kwa ribiti tatu. Ukikitazama kisu kwa mgongo wake wakiona chuma chote, tangu ncha hadi kitako. Mti autumiao zaidi ni mpera, ambao haupasuki kwa wepesi. Haupaki vanishi. Vanishi, alisema, ni ya kumpendeza mnunuzi. Mkono ukitoka jasho huteleza, na panga la vanishi hutoa malengelenge kabla ya adhuhuri. Yeye husugua mti kwa msasa, kisha hupaka mafuta ya kupikia kidogo na kuyaacha yaingie.

Kwa mapanga ya shamba huko hutumika pia mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli. Busia ndiko kulikoanza boda boda tangu miaka ya 1960, baiskeli zikibeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na ndiyo maana jina lake ni mpaka kwa mpaka. Mpira wa baiskeli hukatwa utepe mwembamba, ukazungushwa kwa kuvutwa sana, kuanzia upande wa makali kurudi nyuma, kila duru ikipanda nusu ya ile iliyotangulia, na ncha yake ikapenyezwa chini ya duru za mwisho. Hushika vizuri hata katika mvua za masika. Mimi naona unafaa kwa panga la shamba peke yake. Kwa kisu cha nyama au samaki haufai kabisa, maana damu na shombo huingia chini ya mpira, mti ukaoza na chuma kikashika kutu pasipo kuonekana. Na hata kwenye panga, ukilegea ufunguliwe ufungwe upya. Mpira uliolegea ni hatari kuliko mti mtupu.

Sisi wa pwani tuna mazoea ya kuitazama mipini kwa fahari. Jambia la Oman hupambwa fedha, na mpini wa pembe ya kifaru ulithaminiwa mno Arabuni, hata ukawa miongoni mwa sababu za kuangamia kwa vifaru wetu: Kenya ilikuwa nao weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, na kabla ya 1990 walibaki chini ya 400. Lakini jambia ni la kuvaliwa kiunoni. Kwa kazi, wazee wetu walikuwa na akili nyingine. Itazameni mbuzi ya kukunia nazi: meno yamefungwa mahali pamoja, mwanamke ameyakalia, na mikono yake miwili imeshika nazi yenyewe.

Basi mama, ukienda kununua kisu, omba maji. Usione haya. Lowesha kiganja, kamata mpini, uusokote na kuuvuta. Kama wateleza dukani, jikoni utateleza zaidi, kwani huko kuna mafuta. Vidole vyote vinne vienee juu ya mpini na pasalie nafasi kidogo. Sisi wenye viganja vidogo tusikubali mipini minene iliyofanyiwa wachinjaji, kwani kidole gumba kisipoweza kukutana na vidole vingine hakuna mshiko. Pitisha ukucha kwenye ribiti na maungio. Panapoingia ukucha hubaki nyama. Na kisu chenye mpini wa mti kisilazwe ndani ya beseni la vyombo. Mti hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa, ribiti zikalegea. Tena mwenye kutia mkono katika povu hajui makali yako wapi.

Idi ya kuchinja ndiyo siku ambayo visu vya nyumba nyingi hutolewa kabatini baada ya mwaka mzima. Twaijua hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ya kutaka wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake ampumzishe mnyama. Wanaume wetu hunoa, alhamdulillahi. Wachache hukagua mipini, na damu ya moto na shahamu huteleza kuliko maji ya muhogo. Pawe na ndoo ya maji na kitambaa kikavu, mkono na mpini vifutwe kila baada ya mnyama. Mtoto asitumwe kupeleka kisu kwa mbio. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamuru mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asimdhuru Muislamu, na alikataza upanga kupokezanwa ukiwa uchi. Kwa kisu cha jikoni, kilaze juu ya meza, mwenzio akiokote mwenyewe kwa mpini.

Na likitokea la kutokea, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua, na uinue mkono juu ya kifua. Vua pete mapema, kabla kidole hakijavimba. Msitie majivu, kahawa wala mafuta ya taa. Damu ikikoma, jaribu kukunja kila kidole mpaka ncha yake, na uguse kama kina hisia. Kidole kisichokunjika au kilichokufa ganzi ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la kifungo, kwa kuwa kano iliyokatika huvutika ndani na kila siku ipitayo kuiunga huwa kugumu zaidi. Na uulizie sindano ya pepopunda. Hili ndilo wifi yangu hakuambiwa na mtu, hata na mimi niliyempa kisu.

Mzee fundi aliivunja ile plastiki nyekundu kwa nyundo. Alisema chuma kifupi kile hakifai mpini wowote, akatuuzia kisu chake cha mti wa mpera. Wifi alikilowesha maji, akakikamata kwa vidole vitatu, akakizungusha polepole, kisha akampa binti yake wa miaka kumi na minne. Siku hizi binti ndiye amenyaye muhogo kabla ya kwenda shule. Mamake huketi kando yake kwenye kigoda, macho yake yakiwa kwenye vile vidole.